Daraja Halipigwi Picha

Bibi yangu ana picha moja tu ya babu. Ipo kwenye fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa pembeni, ukutani kwake Mikumi, juu ya kalenda ya miaka iliyopita. Babu amesimama wima kama askari, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. Nyuma yake kuna bahari, minazi na meli kubwa nyeupe. Nilipokuwa mdogo nilijua kabisa kwamba babu alikuwa baharia, na shuleni nikawatambia wenzangu.

Kumbe bwana, bahari ile ni pazia! Picha ilipigwa studio, Morogoro mjini, na babu hakuwahi kupanda meli hata siku moja ya maisha yake. Alikuwa mtu wa gengi. Zaidi ya miaka ishirini alikaza boliti na kushindilia kokoto chini ya mataruma kwenye reli ya Kilosa hadi Kidatu. Kwenye sehemu yake ya kazi palikuwa na daraja ambalo alizoea kuliita "langu", kama mtu anavyosema shamba langu au ng'ombe wangu.

Mwaka jana bibi aliniita akaniambia: "Mjukuu wangu, macho yangu yanaondoka. Wewe una simu ya kupiga picha. Nenda kanipigie daraja la babu yako nilitundike karibu naye. Nimechoka kumwona amesimama baharini."

Nilidhani ni kazi ya nusu siku. Imenichukua miezi mingi, na imenifundisha historia kuliko miaka yote minne niliyokaa sekondari. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenzangu mnaotafuta la kuandika huku mkilalamika kwamba hapa kwetu hakuna kitu.

Jumamosi moja nikaondoka alfajiri. Nikafuata njia ya miguu kando ya tuta la reli, kusini ya Mikumi, majani yamenifika kiunoni na umande umeloanisha suruali mpaka magotini. Jua lilipokuwa linachomoza nikaliona. Nikatoa simu, nikapiga moja. Sijapiga ya pili nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mtu mzima, koti la mvua, rungu mkononi.

"Shikamoo mzee," nikamwahi.

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha daraja la babu yangu."

"Babu yako alilinunua lini?"

Nikakosa jibu. Akanyosha kidole kwenye simu. "Daraja halipigwi picha, kijana. Futa."

Nikafuta, yeye akitazama. Sitamsema vibaya, maana hakunitukana wala hakuniomba hata shilingi mia. Alinisindikiza mpaka barabarani, na njiani akaniuliza babu yangu ni nani. Nilipomtajia akasimama. "Yule wa gengi? Nilimfahamu. Mtu wa kazi yule." Nikadhani sasa ataniambia turudi. Wapi! Akatikisa kichwa tu, akaendelea kutembea. Amri ni amri.

Usiku ule sikulala. Swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: kama daraja halipigwi picha, zile picha za madaraja ninazoziona kwenye vitabu na kwenye intaneti zilipigwa na nani? Na kwa nini yeye alikubaliwa, mimi mjukuu wa gengi nikakataliwa?

Reli mama na reli mtoto

Tuanze na mama kabla ya mtoto. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini. Walioijenga ni kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, kwa fedha za Kijerumani na kwa migongo ya Waafrika. Mwishoni mwa 1907 ilikuwa imefika Morogoro, 1912 ikafika Tabora, na Februari 1914 ikafika Kigoma. Kutoka baharini hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya kufika Morogoro inavuka mto Ruvu, ambao maji yake mengi yanashuka kutoka Uluguru. Baada ya Kilosa inaingia bonde la Mkondoa, njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ya karne ya 19. Mzungu hakuvumbua njia pale. Alikuta imekanyagwa na miguu ya wapagazi, akaiwekea chuma.

Reli hiyo haikupata hata miaka mitatu ya raha. Agosti 1914 vita vikuu vikaanza. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia Morogoro, Wajerumani walikuwa wamekwisha kutoroka kuelekea kusini, wakipita kando kando ya Uluguru, na nyuma yao walivunja madaraja ya reli. Weka akilini jambo hili, msomaji: vita vilipokuja, kitu cha kwanza kufa kilikuwa daraja. Tutalirudia.

Sasa mtoto. Tawi letu linachomoka Kilosa na kuelekea kusini, urefu wake kilomita 108. Kwanza lilifika Mikumi mwaka 1960. Wakati huo bonde la Kilombero lilikuwa linaandaliwa kwa miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza uzalishaji mwaka 1962, na sukari haisafiri kwa kubebwa kichwani. Basi reli ikasogezwa mbele mpaka Kidatu, ikafika mwaka 1965.

Zitazame tarehe hizo mbili vizuri. Mwaka 1960 tulikuwa Tanganyika chini ya bendera ya Mwingereza. Desemba 1961 tukapata Uhuru, Aprili 1964 tukaungana na Zanzibar. Kwa hiyo reli iliyoondoka Kilosa ikiwa mali ya koloni iliingia Kidatu ikiwa kwenye nchi huru yenye jina jipya. Taruma la kwanza na taruma la mwisho haviko chini ya bendera moja! Ukitaka kuandika riwaya juu ya Uhuru, reli hii imekwisha kukugawia sura.

Tena si reli ya watu walionyamaza. Mwaka 1947 mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulipanda treni ukafika bara, stesheni kwa stesheni. Mwaka 1960, mwaka uleule tawi letu lilipofika Mikumi, wafanyakazi wa reli Tanganyika waligoma siku 82 chini ya chama chao cha TRAU, katibu mkuu akiwa Christopher Kasanga Tumbo. Siku 82 bila mshahara, watoto nyumbani wanataka uji. Hebu jaribu wewe wiki moja.

Ramani inaonyesha jambo jingine la kuchekesha na kuumiza. Kati ya 1970 na 1975 ndugu zetu Wachina walijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, nayo inapita Kidatu. Reli mbili zikakutana mji mmoja. Lakini ya kwetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, karibu vidole vinne. Kwa vidole vinne hivyo behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Ikabidi kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa moja hadi jingine, nacho kikaanza kazi mwaka 1998, zaidi ya miaka ishirini tangu TAZARA ikamilike. Ni kama ndugu wawili wanaoishi nyumba moja wanaopelekeana chumvi kupitia kwa jirani.

Nani alikuwa nyuma ya kamera

Turudi kwenye swali langu. Nilianza kutafuta picha za kale za reli ya Morogoro. Nilikaa intaneti kafe mpaka mwenye kafe akaniuliza kama nimehamia.

Jina linalojitokeza sana ni Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam kabla ya vita vya 1914. Picha zake nyingi ziko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilifungua maelfu ya picha zake zitazamwe na kutumiwa bure kwenye intaneti, na za Dobbertin zimo. Kwa hiyo mimi, kijana wa Morogoro, niliona stesheni za nchi yangu kwa mara ya kwanza kupitia kabati la Wajerumani. Sijui nishukuru au nikasirike. Nikafanya yote mawili.

Tazama picha za namna hiyo kwa utulivu, si za Dobbertin peke yake bali za enzi ile kwa jumla. Daraja liko katikati, safi, limepimwa kwa jicho. Mzungu akiwapo, mara nyingi maelezo yanamtaja jina na cheo. Pembeni wapo Waafrika, wengine wamebeba, wengine wamechuchumaa, wengine wamesimama ili tu mtazamaji ajue daraja lina kimo gani. Hao maelezo yanawaita "wenyeji", basi. Mtu amegeuzwa rula! Sisemi mpiga picha alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa anapiga picha ili wenye fedha huko Ulaya waone fedha zao zimesimama wapi, na kwa kazi hiyo jina la mbeba mataruma halikuhitajika.

(Na nikisema Ulaya, wa kwetu wananielewa vingine. Ukitoka Kilosa kuja Mikumi unapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Kwetu mtu anaweza kwenda Ulaya asubuhi na kurudi jioni na gunia la mahindi.)

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na mwaka 1948 reli zetu zikaunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Hapo wakaanza kuja wapiga picha wa aina mpya. Hawa hawakutumwa na serikali wala kampuni. Walikuwa wapenzi wa treni: watu waliopanda meli na ndege kutoka Uingereza na kwingineko kuja kusimama juani na kamera, wakingoja injini ya mvuke ipite darajani. Wanajua namba za injini kama sisi tunavyojua wachezaji wa Simba na Yanga. Kwa sababu ya wazimu wao tuna picha nyingi za injini za Afrika Mashariki. Lakini yaliyowavutia ni injini na daraja. Mtu wa gengi aliyesogea pembeni treni ipite, nyundo begani, mara nyingi alikuwa nje ya fremu, au alikuwa anasubiriwa aondoke.

Mlima uliopelekwa Kenya

Humo ndimo nilipokutana na habari iliyonifanya nicheke peke yangu kafe.

Mwaka 1955 na 1956 shirika lile lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester injini 34 za mvuke za daraja la 59, kubwa kuliko injini zote za reli ya meta moja duniani, kila moja na uzito wa tani 250 hivi. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5926 iliitwa Mount Kimhandu.

Wa Morogoro wameshatabasamu. Kimhandu ni kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, zaidi ya meta 2,600. Ukiwa mjini macho yanakwenda Bondwa, kwa sababu ndiyo iliyo mbele na minara yake. Kimhandu iko nyuma, imejificha ndani ya mawingu kama mzee asiyependa wageni. Hata vijana wengi wa mjini hawaijui. Na Mzungu akaichukua akaipaka kwenye ubavu wa injini!

Lakini sikiliza mwisho wake. Injini zile zilikuwa nzito mno kwa reli nyingi. Zilitumika njia ya Mombasa hadi Nairobi. Kimhandu ya chuma ilivuta mizigo kupita Voi na Mtito Andei, ikapigwa picha na wageni, huku Kimhandu ya mawe ikibaki huku kwetu haina habari. Zimesalia injini mbili tu za jamii ile, Mount Gelai na Mount Shengena, zote zikiwa Nairobi. Gelai ni mlima wetu, Shengena ni mlima wetu wa Upare. Kimhandu haimo.

Nilipomsimulia bibi alisema: "Sasa jina lilikuwa linafanya nini huko, kama mwenyewe hayupo?" Nimelifikiria swali hilo sana. Ndiyo hali ya historia yetu ya reli. Majina yetu yamesafiri, milima yetu imesafiri, wenyewe hatumo kwenye picha.

Kwa nini tuliambiwa tusipige

Hapo hasira zikanipanda. Wageni wapige, sisi tufute? Lakini mwandishi asiyeuliza upande wa pili anaandika matusi tu. Nikarudi kwenye historia, na nikamkuta yule mzee wa rungu ana hoja kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1969 Bunge lilipitisha Sheria ya maeneo yanayolindwa, na mwaka 1970 ikafuata Sheria ya Usalama wa Taifa. Kwa nini miaka ile? Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikutana hapa hapa Morogoro, katika mkutano ambao mpaka leo Waafrika Kusini wanauita Mkutano wa Morogoro. Baadaye wakimbizi wao walisoma Mazimbu na kuishi Dakawa. Mji wetu ulikuwa uwani kwa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma na ndege zake. Mgeni mwenye kamera darajani angeweza kuwa mpenda treni, na angeweza kuwa mpelelezi. Usoni hawana tofauti.

Na hofu ile haikuwa ndoto. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia waliingia Zambia wakalipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi. Njia iliyojengwa kwa jasho la miaka mingi ikakatika usiku mmoja. Kumbuka Wajerumani na madaraja yao ya 1916. Mtu anayetaka kukunyonga anatafuta koo, na koo la nchi ni daraja.

Basi nilimwelewa yule mzee. Rungu lake limetoka mbali. Lakini kuelewa si kusema amina kwa kila kitu. Hofu ilikuwa na sababu, na hofu ilikuwa na gharama. Gharama yenyewe ni hii: kizazi kizima kilichoitunza reli hii kilizeeka bila kupigwa picha kazini. Babu alikuwa na ruhusa ya kuingia chini ya daraja na spana, kushika kila boliti kwa mkono wake, ila hakuwa na ruhusa ya kusimama juu yake akapigwa picha na mwanawe. Alipotaka picha alivaa shati safi, akapanda treni mpaka mjini, akasimamishwa mbele ya bahari ya kuchorwa. Studio zilikuwa na mapazia ya meli, ya ndege, ya maua. Sijawahi kuona pazia la gengi.

Kazi ya gengi

Niliamua kumuuliza bibi babu alikuwa anafanya nini hasa. Miaka yote nilijua neno "gengi" bila kujua kazi yenyewe.

Kila gengi lilikuwa na kipande chake cha kilomita kadhaa na nyumba zake kando ya reli. Asubuhi mtu mmoja alitangulia kuikagua njia kwa miguu, na spana, nyundo na bendera nyekundu. Jua kali huvimbisha chuma, na reli isipopewa nafasi hujipinda kama nyoka. Mvua huondoa kokoto, taruma likabaki linaning'inia, likikanyagwa linazama. Kabla ya masika walizibua makalvati yote, maana kalvati lililoziba hugeuza tuta kuwa bwawa. Na mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu wa daraja haendi kulala. Anakwenda na taa kuangalia maji yanakula mchanga kiasi gani chini ya nguzo. Daraja haliuawi na treni inayopita juu, bibi alisema, linauawa na maji yanayokula chini. Akiona hatari, anakimbia kuelekea upande treni inakotoka, mbali, kwa sababu treni ikishashika kasi haisimami hapo hapo kama baiskeli.

Sikuyaona haya kwenye picha hata moja ya Wajerumani au ya wapenda treni. Daraja kwenye picha limesimama lenyewe, kana kwamba chuma kina tabia ya kusimama.

Ukitaka kujua gengi lina maana gani, angalia mvua za Desemba 2009 na Januari 2010. Mafuriko ya Mkondoa yaliifagia Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, watu wakapoteza nyumba, treni zikakatika kwa miezi. Kabla na baada ya hapo reli ilipita mikono mingi: shirika la Afrika Mashariki lilivunjika 1977 tukaunda letu la TRC; mwaka 2007 uendeshaji ukakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India; mwaka 2011 mkataba ukaisha; mwaka 2017 TRC ikazaliwa upya. Mashirika yalibadilisha majina na mihuri. Mto haukusoma mihuri hiyo. Ulitafuta mahali palipolegea, ukapapata.

Nilichompelekea bibi

Leo Morogoro ina reli nyingine. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 14, 2024, na kabla Julai haijaisha ilikuwa inafika Dodoma. Siku zile simu zetu zilijaa picha: watu wamekaa kwenye viti, wamesimama mbele ya vioo vya stesheni, wanarusha mitandaoni kabla hata treni haijaondoka. Nilifurahi. Ni mara ya kwanza reli ya nchi hii kupigwa picha na wenyewe, kwa maelfu, na sura zao zimo ndani. Mjukuu wa dereva wa SGR hatahitaji pazia la bahari.

Lakini tawi la Kidatu halina vioo. Watu wake wengi siku hizi wanasafiri kwa basi na bodaboda. Wazee wa gengi wanazidi kupungua, na kila anayekwenda anaondoka na kipande chake cha kilomita.

Nimeandika barua ya kuomba kibali cha kupiga picha lile daraja. Nimeiandika kwa heshima zote, nimetaja jina la babu na miaka yake ya kazi. Jibu bado. Lakini bibi hana muda wa kungoja, macho yake yanakwenda haraka kuliko barua yangu. Ndipo nikakumbuka kitu. Yule mzee alisema daraja halipigwi picha. Hakusema haliandikwi.

Nikarudi. Safari hii nilimtafuta kwanza, nikamwamkia, nikamwonyesha daftari na kalamu. Simu nikamkabidhi aishike mwenyewe. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kalamu haina kesi." Akakaa kwenye jiwe akanisubiri.

Nikaandika nilichokiona. Nguzo mbili za zege zenye mstari wa ukungu mahali maji hufika masika. Mihimili ya chuma yenye kutu nyekundu, na chini ya kutu rangi ya kijivu. Boliti ambazo vichwa vyake vimelika kwa spana mpaka vimekuwa duara. Kijito ambacho mbuzi walikuwa wanakivuka bila kulowesha kwato. Upande wa mashariki, mbali sana, mstari wa buluu ambao unaweza kuwa mlima au wingu. Nikahesabu hatua kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho: ishirini na sita, nikitembea chini kwenye njia ya mbuzi.

Jioni nikamsomea bibi. Alisikiliza amefumba macho, mikono mapajani. Nilipomaliza akanyamaza, nikadhani amelala.

"Umesahau mwembe," akasema.

"Mwembe gani, bibi?"

"Upande wa Kidatu, kushoto. Aliupanda babu yako ili apate kivuli cha kulia chakula. Nilikuwa nampelekea ugali pale."

Nikamwambia sikuuona. Labda umekatwa, labda sikutazama.

"Basi rudi ukatazame," akasema. "Na uandike wewe, yule wa Ujerumani hakuujua."

Wenzangu, kibali changu kikija nitapiga picha. Kisipokuja nina daftari, na Jumamosi ijayo naufuata mwembe. Ninyi je? Kila mmoja wetu ana mzee mmoja aliyesimama mbele ya pazia. Mwulize leo alikuwa anafanya kazi gani kabla hajavaa lile shati safi, kisha uende mwenyewe ukapaone. Omba kibali, amkia mlinzi, chukua kalamu. Kama mwembe umekatwa, andika kwamba umekatwa, na uandike nani aliupanda.